Naomba ushauri: chroot imekubali ila programu haiwaki ndani

Wakuu habari zenu, naombeni msaada nimekwama tangu juzi. Nina seva ya Linux, nimeandika programu ya C inayopokea mafaili ya wateja, sasa nataka niifungie ndani ya /srv/sanduku ili hata ikidukuliwa isione seva nzima. Nimeita chroot (wito wa mfumo unaoifanya programu ione folda moja kama ndiyo mzizi "/" wa seva) nikiwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, ikarudisha 0, yaani imekubali, nikaweka chdir("/") hapohapo ili nihamie kwenye mzizi huo mpya, maana chroot yenyewe haikuhamishi folda uliyokuwepo, ukisahau hiyo mtu anapanda kwa .. (folda ya juu yake) anatoka nje kabisa. Shida ni execve (wito wa kuwasha programu) ya /bin/sh, inagoma eti faili halipo, wakati nililikopi mwenyewe na nikiwa nje nikipiga ls naliona! Nahisi ni ld-linux (kipakiaji cha laibrari) na zile laibrari zinazohitajika na /bin/sh hazimo ndani, sasa nizikopi moja moja kwa kufuata ldd (amri inayoorodhesha laibrari ambazo programu inahitaji) au nikompaili statiki tu, laibrari ziingie humohumo kwenye programu? Halafu setgroups, setgid na setuid (za kubadili makundi na mtumiaji wa prosesi ili isiwe root tena) naziweka baada ya chroot, maana nikishaacha uroot mapema chroot inakataa, na prosesi ikibaki root inaweza kutoroka. Mpangilio huo uko sawa? Au niachane nayo nitumie pivot_root (inayobadilisha mzizi wenyewe wa mfumo wa mafaili)? Mafaili ni ya watu jamani, sitaki kubahatisha.