Kuhifadhi joto la vifaranga umeme unapokatika

Mfugaji wa Njombe: Ndugu wafugaji, huku kwetu baridi ya Juni na Julai ni kali, na umeme ukikatika usiku vifaranga hulaliana hadi wengine kufa. Naomba kujua kama ni bora kuhifadhi joto kwa mawe yaliyopashwa moto au kwa maji.

Fundi Bruda: Ndugu, chagua maji. Kilo moja ya maji hubeba joto takriban mara tano ya kilo moja ya mawe kwa kila nyuzi inayopanda, kiasi kwamba dumu la lita 20 likipoa kutoka nyuzi 70 hadi 40 za Selsiasi hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya wati 100 iliyowaka saa saba. Lifungie gunia kavu ili vifaranga wasiungue.

Mama Vifaranga: Namuunga mkono, ila joto hilo litapotea upesi usipolizuia. Tandaza maranda makavu ya kutosha, kwa sababu sakafu ya saruji hunyonya joto kuliko watu wanavyodhani, kisha funika sehemu ya juu ukiacha nafasi ya hewa. Wiki ya kwanza vifaranga huhitaji nyuzi 32 hadi 35. Nakusihi usiache jiko la mkaa katika banda lililofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua vifaranga na watu pia.

Mfugaji wa Njombe: Nashukuruni sana. Madumu ninayo, na maranda nitayafuata kwa fundi seremala kesho.