Jivu la makaa ya mawe linamwagwa mtaani kwetu Mbeya kwa jina la kifusi

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Huu ni mwaka wa pili matipa ya kiwanda kimoja kilichopo pembezoni mwa Jiji la Mbeya, kinachochoma makaa ya mawe kwenye boila zake, yanamwaga jivu katika barabara ya mtaa wetu na kando ya korongo linaloteremsha maji hadi kwenye bustani za mboga. Tunaambiwa ni msaada wa kufukia mashimo. Wakati wa kiangazi bodaboda hulitimua likaingia mpaka jikoni. Mvua za Novemba zikianza, hugeuka uji mweusi na kushuka korongoni.

Mwenyekiti wa mtaa alinijibu kwamba hicho ni kifusi, na kifusi hakiombewi kibali. Ofisi niliyoelekezwa iliipokea barua yangu na kuigonga muhuri, na mpaka leo muhuri huo ndio jibu pekee nililo nalo.

Kifusi tunachokijua ni udongo na mawe. Makaa ya mawe yakiungua, kaboni huondoka na moshi, lakini sehemu kubwa ya sumu iliyokuwemo, yaani aseniki na madini ya risasi, hubaki jivuni, ikiwa imejikusanya kuliko ilivyokuwa kwenye makaa yenyewe, na maji yakichuja humo yanaweza kuibeba hadi visimani. Sipingi jivu kutumika: likichanganywa vizuri kwenye saruji hushikwa ndani ya zege na kuwa mali. Kulimwaga likiwa vumbi ni jambo jingine kabisa.

Marekani, kanuni ya shirikisho ya mwaka 2015 ilitenganisha matumizi hayo mawili, ikamtaka anayefukia ardhi kwa tani 12,400 au zaidi za jivu lisiloshikwa ndani ya kitu kama zege aonyeshe kwamba halitadhuru maji wala hewa kuliko nyenzo ya kawaida. (Barabara waliziacha nje ya sharti hilo, kwa hiyo hata wao walibakisha mwanya.) Jimbo la North Carolina lilitunga sheria yake mwaka 2014, miezi michache baada ya bomba lililopita chini ya bwawa la jivu kupasuka na takriban tani 39,000 kuingia Mto Dan.

Sisi hatuna haja ya kungoja bomba lipasuke, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu mwaka 2004 na imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Ninachodai ni karatasi tu: daftari linaloonyesha tani ngapi zinatoka kiwandani na zinamwagwa wapi, majibu ya maabara ya jivu hilo, na vipimo vya maji ya visima vilivyo chini ya korongo.

Jumamosi iliyopita yalimwagwa matipa mengine matatu. Mwenye nakala ya kibali kilichoruhusu jivu hili liitwe kifusi aiweke hapa.