Tupeane uzoefu: taa za mbele zilizopauka na kuwa njano, mlizirudishaje?

Mwana Raum
Wakuu, leo trafiki kanisimamisha, kaja mbele, kagonga taa kwa kalamu, kaniuliza: "Hii gari yako inaona kweli?" Kaniachia bila faini, lakini neno limeniingia. Raum yangu ina mtoto wa jicho, kulia ndiyo hali mbaya zaidi. Mlioshughulikia hili tupeane uzoefu. Mlitumia nini, na ilidumu?

Kipara Ngoto
Kolgeti. Minya kwenye kitambaa kibichi, sugua kwa mduara, suuza. Kazi imeisha, asante baadaye.

Dada wa Tegeta
Kolgeti naiunga mkono kwa siku ya harusi tu. Jua likipiga wiki chache, njano inarudi na ndugu zake.

Zungu la Unga
Dawa ya mbu ya kupaka! Nyunyiza, futa, taa mpya. Jirani aliniona akadhani nimenunua nyingine.

Nyanda za Juu
Mada hii imegusa jambo ambalo kwetu haliongelewi mezani. Tulikuwa tunaenda msibani Makambako na Noah: shangazi wawili, shemeji, masufuria na turubai. Tulichelewa kutoka Dar kwa ubishi wa nani akae mbele. Shangazi mkubwa akashinda.

Mikumi tumepita giza limeshaingia, namshukuru Mungu hatukugonga hata swala, maana bango la faini za wanyama mnalijua. Tumeipita Ruaha Mbuyuni, mvua ikashuka. Sasa sikieni: taa ikipauka, mwanga hauendi mbele, unatawanyikia palepale kwenye plastiki. Ukiwasha fulu ndiyo kabisa, unaona weupe tu puani. Lami imelowa, nyeusi tii. Nilikuwa nafuata taa nyekundu za basi, basi likanikimbia.

Tunakaribia mlima Kitonga, shangazi akapiga yowe: "MATAWI!" Mimi tawi sijaliona. Nilikanyaga breki kwa kumtii shangazi tu. Noah ikateleza, ikageuka mlalo, ikasimama. Matawi yako chini ya gari, na upande wa shangazi kuna tela la semi bovu, halina taa, halina rifleta, karibu kiasi kwamba mlango wake haufunguki.

Hakuna aliyesema kitu. Kisha shangazi akachukua pochi, akapita juu ya mapaja yangu, akashukia mlango wangu. Akasema, "Mimi nakwenda kuzika, siendi kuzikwa." Akaanza kutembea kwenye mvua.

Dada wa Tegeta
Mkuu usituachie hapo. Alirudi??

Kipara Ngoto
Shangazi kaelekea wapi usiku ule? Kitonga kwa miguu?

Mpiga Debe Mstaafu
Wa kufungwa ni dereva wa semi. Sheria inataka pembetatu ya kuonya kuna gari bovu, yeye anavunja matawi porini.

Kaka Mkubwa
Usimsingizie wa semi. Matawi kila dereva wa bara anayajua, tatizo mtu anaingia safari ya usiku haoni mita kumi. Ungekuwa umeua familia.

Mpiga Debe Mstaafu
Wewe uliwahi kupita kule au unasoma ramani?

Kaka Mkubwa
Nimeendesha njia hiyo wewe unanyonya.

Fundi Rangi Mabibo
Jamani mtapigana kwa ajili ya plastiki. Nieleze, maana ndiyo kazi yangu. Taa hizi ni plastiki ya polikaboneti, kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuzuia jua. Jua likishaila hiyo ngozi, plastiki inaungua na kuwa njano. Kolgeti ni msasa laini tu: inakwangua uchafu wa juu na mabaki ya ngozi, halafu unaiacha taa uchi.

Kazi inayodumu: ziba rangi ya bodi kwa tepu ya karatasi, kisha msasa wa maji, anza namba 800 kama hali ni mbaya, panda 1000, 1500, 2000. Maji yasikauke hata mara moja. Ukianza utaona imekuwa nyeupe kama maziwa, usikimbie, ndivyo inavyotakiwa. Futa kwa spiriti, ikauke, piga klia, ile vanishi angavu ya gari, yenye hadina ya kuikaza. Hiyo klia vaa barakoa ya kweli, ile ya korona haitoshi. Anayeishia kwenye polishi bila klia, namsubiri mwakani.

Zungu la Unga
Na dawa ya mbu fundi?

Fundi Rangi Mabibo
Inayeyusha plastiki. Ndiyo maana inang'aa. Baadaye inanata vumbi na kupata nyufa ndogondogo. Na ikidondokea rangi ya gari utanitafuta kwa jambo jingine.

Zungu la Unga
Mbona hukusema jana.

Probox ya Thika
Huku Nairobi nilichoka na kusugua, nikanunua taa mpya za bei poa. Zilianza njano kabla hata sijasahau bei. Afadhali zile zako za asili zilizotoka Japani, uzirudishe vizuri.

Kijana wa Kimara
Mimi niliweka balbu za wati 100 badala ya 60/55, mwanga wa kumwaga.

Fundi Rangi Mabibo
Nusa soketi yako kama haijaanza kuungua. Na uwaonee huruma wanaokuja mbele yako.

Nyanda za Juu
Samahani, nilikuwa kazini. Shangazi alitembea mpaka lilipokuja basi, akalipungia pochi, likasimama. Alifika Makambako kabla yetu, akatupokea mlangoni akiwa ameshakunywa chai. Gari sijauza, taa nilipiga msasa na klia kama fundi anavyosema. Yeye hajapanda tena.

Kipara Ngoto
Mimi Ijumaa naenda Songea. Naomba namba ya shangazi akae mbele.

Mwana Raum
Fundi nije Jumamosi? Na ya kulia ina ukungu wa ndani asubuhi.

Fundi Rangi Mabibo
Wa ndani msasa hauufikii. Kuna mpira umechoka au mfuniko wa nyuma haujakaa, ndipo maji yanapopita. Na nikifungua nikakuta rifleta, kile kioo cha ndani kinachorusha mwanga mbele, imeungua, nitakwambia ukweli: usitupe hela kwenye klia. Njoo asubuhi, jua kali siyo rafiki wa klia.

Babu wa Peugeot
504 ilikuwa na kioo. Kioo hasa. Haikujua njano.

Kijana wa Kimara
Na iko wapi sasa hiyo 504, babu?

Babu wa Peugeot
Uani, kuku wanatagia siti ya nyuma. Taa ziko safi.