Mwaka mzima nimepima chumvi ya hori letu, daftari wameondoka nalo na mpunga wa bi mkubwa umeungua

Assalaam alaykum jamani. Uzi mrefu huu na nnaandika nikiwa na hasira, asiyeweza kusoma apite tu.

Mie wa Pemba, upande wa magharibi, kijiji sikitaji na mradi siutaji, sheha wetu yumo humu anasoma. Tuna hori, yaani mkono wa bahari, linaingia mpaka karibu na mabonde ya mpunga, mikoko huku na huku, kina mama wanaokota chaza na kombe. Mwaka juzi ikaja gari nyeupe, watu wanataka kufatilia chumvi na afya ya hori, wakachaguliwa vijana wawili mmoja wao mie, tukapewa rifraktomita, daftari na buti za saizi moja wote. Posho yenyewe haifiki hata bando la mwezi ila tukasema haya, kijiji chetu.

Kwa asiyeijua rifraktomita, ni kama kidarubini, unadondosha tone la maji kwenye kioo unafunika unaelekeza kwenye mwanga, unaona buluu juu na nyeupe chini, pale zinapokutana ndo namba yako ya chumvi. Bahari yenyewe inacheza kwenye 35, yaani gramu 35 za chumvi kwenye kilo moja ya maji. Lakini kabla ya kupima lazima uijaribu kwa maji yasiyo na kitu isome sifuri. Walitupa chupa moja ya maji hayo, ilipokwisha ndo basi tena, nikawa nanunua maji ya betri kwa hela yangu. Haya hilo dogo.

Kubwa ni ratiba. Kila Jumatano saa 4 asubuhi, kwa sababu afisa anatoka mjini anataka kupiga picha zake adhuhuri awe kesharudi. Sasa yeyote aliyekulia pwani anajua, huku kwetu siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, saa 4 asubuhi yametoka mpaka mikoko imekaa mizizi nje. Na wiki ya maji mafu ndo hujaa kwenye hizo saa 4, lakini kujaa kwake ni kama hakujajaa. Kwahiyo mwaka mzima sie tumepima ama hori limepwa au limejaa kidogo tu, yale maji makubwa yanayopanda mpaka mabondeni hatujayapima HATA SIKU MOJA. Nilimwambia, afisa, tuje siku ya bamvua jioni, akanijibu kijana fata mwongozo.

Na masika tukachota maji ya juu tu! Maji ya mvua mepesi yanaelea, ya chumvi mazito yanakaa chini, mtoto anayepiga mbizi anakwambia juu baridi chini ukimeza unakohoa. Siku moja nikateremsha chupa yenye kizibo na kamba mpaka chini, namba ikaja tofauti kabisa na ya juu, nikaandika zote mbili. Ya chini ikakatwa kalamu, eti fomu haina nafasi.

Kilichonichoma zaidi ni nyuma ya tuta. Tuna tuta lilijengwa kuzuia bahari isiingie shambani, lina kalvati moja, tundu la kupitishia maji, na limeziba mchanga. Bamvua likija maji yanapita juu, hayatoki tena. Kipindi cha kaskazi, jua kali, nikapima pale nikapata 52. Nikafuta kioo nikapima tena, 52. Afisa akaniambia umesoma vibaya, bahari yenyewe 35, dimbwi litaipitaje bahari, andika 35. Yakhe! Mtu kazaliwa Pemba hajui chumvi inavyopatikana? Si ndo hivyo hivyo kwenye mashamba ya chumvi, unafungia maji jua linakunywa maji chumvi inabaki! Nikamwambia basi chungulia mwenyewe, akasema hana miwani. Na mikoko ya pale ilikuwa imeshakauka imesimama vile vile kama kuni, imebaki michu tu, aina moja ya mikoko, kwa sababu mchu unaitoa chumvi kwa majani, lilambe jani lake uone, ulimi unawasha.

Halafu kile kisima cha bondeni tukaambiwa tupime kwa rifraktomita hiyo hiyo. Mpunga kwenye gramu 2 tu kwa lita ushaanza kuumia, na kile kidude mistari yake ni moja moja mpaka 100, kati ya 1 na 2 unabahatisha. Pale panataka mita inayopima maji yanavyopitisha umeme, chumvi ikizidi yanapitisha zaidi, ile unatumbukiza ncha inakupa namba. Niliomba, nikaambiwa bajeti.

Mwisho wakaitisha mkutano skuli, maandazi na soda, tukaambiwa hori lina afya nzuri chumvi ya kawaida, makofi. Daftari wakachukua "kuingiza kwenye kompyuta". Mwezi wa 9 ule, hadi leo simu hazipokelewi. Msimu huu mpunga wa bi mkubwa umeanza kuwa mweupe ncha za majani, kisha vipande vizima vikaungua. Akaniuliza, mwanangu, na kile kidude chako kilisemaje? Nimjibu nini mie, wakati 52 niliiona kwa jicho langu na kwenye karatasi imeandikwa 35.

Najua Kisiwa Panza bahari imeshaingia mashambani na wao wamelia sana. Wa huko, na nyie wa Chwaka wenye mikoko, mlishawahi kurudishiwa namba zenu? Na kuna mwenye ile mita ya kutumbukiza aniazime siku tatu tu, bamvua linalokuja ni wiki ijayo, nitapima saa 10 jioni na daftari safari hii linalala chini ya mto wangu.