Gumzo la ukoo: tarehe ambazo hatukuziandika

Jumanne, 10 Juni 2025

Shangazi Rukia, saa 2:05 usiku
Assalaam alaikum jamaa zangu. Niliwaahidi majibu ya safari ya benki, nami nayaleta hapa ili kila mmoja ayasome kwa utulivu. Akaunti ya marehemu kaka yetu Athman, ile ambayo mjane wake Bi Zainabu hakuijua mpaka alipokuta kitabu chake chini ya hati za nyumba, haipo tena benki. Afisa alitueleza kwamba akaunti ikikaa miaka 5 bila mwenyewe kuweka wala kutoa chochote, na benki isisikie lolote kutoka kwake, sheria ya mwaka 2011 inaitaka benki ikabidhi fedha hizo kwa mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, yaani UFAA. Fedha hazikupotea, alhamdulillahi. Lakini Bi Zainabu hawezi kuzidai kwa kitabu na kitambulisho pekee, kwa sababu mdai wa mali ya marehemu hutakiwa aonyeshe hati ya mahakama inayomtambua kuwa msimamizi wa mirathi, na mirathi yenyewe hatujaifungua.

Idris, saa 2:11 usiku
Waalaikum salaam Shangazi, na pole kwa mizunguko. Je, kudai huko kuna ada? Nauliza kwa sababu kuna mtu mtaani kwetu ambaye husema anaweza kuzitoa fedha za namna hii kwa kulipwa sehemu yake mbele.

Halima, saa 2:14 usiku
Shikamoo Shangazi. Idris, mtu huyo asipewe hata shilingi, wala asipewe nakala ya kitambulisho cha marehemu. UFAA haimtozi mwenye mali ada ya kudai mali yake, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina lake au la mzazi wake kwenye tovuti yao. Kazi halisi iko kwetu: kufungua mirathi kwa Kadhi, kukusanya cheti cha kifo na vitambulisho vya warithi, kisha kujaza fomu na kusubiri. Ningependa pia tutafute zaidi ya akaunti hiyo moja, kwa kuwa kinachokabidhiwa UFAA si akiba za benki peke yake. Gawio la hisa ambalo halikuchukuliwa, malipo ya bima ambayo hakuna aliyeyafuata, hata salio la fedha za simu la mtu aliyefariki, yote huishia huko. Marehemu Ami Athman alikuwa mtu wa kununua hisa kidogo kidogo, na sidhani kama kuna kati yetu aliyewahi kuona orodha yake.

Shangazi Rukia, saa 2:19 usiku
Hakuna, na hilo ndilo linaloniuma. Marehemu alikuwa mwangalifu wa fedha kuliko sisi sote, lakini uangalifu wake wote ulikuwa kichwani mwake. Sisi nasi tuliiahirisha mirathi kwanza kwa heshima ya msiba, baadaye kwa ajili ya Ramadhani, na mwishoni ikawa hakuna aliyeulizia. Kuna na nyumba pia: haiwezi kuhamishwa kwa majina ya warithi mpaka kaunti itoe cheti kwamba kodi ya kiwanja haidaiwi, na kodi hiyo imekuwa ikijilimbikiza. Nitaifuatilia mimi. Halima, naomba utumie nafasi hii kutueleza na tarehe nyingine zinazotukabili, maana tuko katikati ya Juni.

Halima, saa 2:31 usiku
Ahsante Shangazi. Nitaandika kwa urefu, mniwie radhi.

Kila mwenye PIN ya KRA, yaani nambari ya ushuru ya mamlaka ya mapato ya Kenya, iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato anatakiwa awasilishe taarifa ya mapato ya mwaka 2024 kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Kwa mtu binafsi, faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ikichukuliwa iliyo kubwa zaidi. Aliyeajiriwa asidhani kwamba makato ya kila mwezi yanatosha. Mwajiri hukata na kulipa, lakini taarifa ya mwaka ni jukumu lako mwenyewe, na huijaza kwa kutumia fomu ya P9 ambayo mwajiri anapaswa kukupa. Asiyekuwa na mapato yoyote huwasilisha taarifa ya sufuri, kazi ya dakika chache mno ambayo watu huiacha kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa nyepesi, wakiamini kwamba wataifanya wakati wowote. Wakati huo ukifika huwa ni usiku wa tarehe 29, watu wote wameingia kwa pamoja kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, nao umelemewa, na yule aliyesahau nywila yake hana tena muda wa kuibadilisha. Ndiyo maana nawasihi tuhesabu tarehe 20 kuwa ndiyo mwisho wetu.

Ami Salim, saa 2:40 usiku
Mwanangu Halima, nimekusoma na nakushukuru. Nina neno juu ya vyumba vyangu vya Kisauni. Nilikuwa nikilipa ule ushuru wa kodi ya nyumba, nikauacha tangu kodi ya Mei mwaka jana kwa sababu ya shughuli za ujenzi. Sikuona haraka, kwani kiasi chenyewe ni kidogo na serikali hutoa msamaha wa faini mara kwa mara. Nilikusudia kusubiri msamaha unaofuata nilipe yote kwa pamoja. Kuna ubaya gani?

Halima, saa 2:58 usiku
Shikamoo Ami. Kwa heshima yako yote, naomba tuhesabu pamoja, kwa sababu kiasi kidogo ndicho kinachoumiza zaidi katika jambo hili.

Vyumba vyako vinaingiza shilingi 30,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 360,000. Mwenye nyumba za makazi anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi anayopokea, kiwango ambacho kilishushwa kutoka asilimia 10 kuanzia Januari 2024. Kwako wewe ni shilingi 2,250 kwa mwezi, nazo hutakiwa pamoja na taarifa yake kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuanzia kodi ya Mei 2024 hadi ya Aprili mwaka huu ni miezi 12 iliyokwisha kuchelewa, na ushuru halisi wa miezi hiyo ni 27,000.

Sasa tazama upande wa pili. Faini ya kutowasilisha taarifa haihesabiwi kwa mwaka mzima mara moja, bali kwa kila taarifa ya mwezi iliyochelewa. Asilimia 5 ya 2,250 haifiki 2,000, kwa hivyo kila mwezi unabeba faini kamili ya 2,000, nayo kwa miezi 12 ni 24,000. Ongeza asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, ambayo kwa jumla ni 1,350, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi ambayo kwa hesabu yangu haijafika 2,000. Utaona kwamba adhabu imekwisha kuufikia ushuru wenyewe, na sehemu kubwa ya adhabu hiyo haikuletwa na kukosa fedha, bali na fomu ambazo hazikujazwa. Hata katika mwezi ambao hukuwa na fedha mkononi, kuwasilisha taarifa peke yake kungekuepusha na zile 2,000.

Kuhusu msamaha, ule ulioletwa na Sheria ya Fedha ya 2023 na kuongezewa muda baadaye unahusu madeni ya hadi mwisho wa 2023, unamtaka mtu alipe ushuru halisi, na unafungwa tarehe 30 Juni hii. Deni lako limeanza baada ya hapo, kwa hivyo haukugusi. Kusubiri mwingine ambao haujatangazwa ni kujiongezea 2,000 kila mwezi kwa ajili ya tumaini ambalo hakuna aliyekuahidi.

Ami Salim, saa 3:07 usiku
Nimeelewa. Sikujua kwamba faini ni ya kila mwezi. Nifanye nini kwanza?

Halima, saa 3:12 usiku
Kwanza tuwasilishe ya Mei mwaka huu kabla ya tarehe 20, ili ule mwezi mpya usiingie kwenye orodha ya madeni. Wengi huanza na la zamani zaidi, wakalemewa nalo, na la leo nalo likachelewa. Likishafungwa hilo, tutarudi nyuma mwezi baada ya mwezi. iTax itatoa hati ya malipo yenye nambari yake, nawe utalipa kwa M-Pesa au benki. Nitakupigia kesho baada ya Isha tufanye pamoja. Naomba tu usiniandikie nywila yako hapa kikundini, wala mwingine yeyote asifanye hivyo. Kila mmoja aibonyeze mwenyewe kwenye simu yake.

Khamis, saa 3:15 usiku
Shikamooni wakubwa zangu. Dada Halima, mimi nilihitimu 2023 na bado sina ajira ya kudumu, nafanya vibarua vya hapa na pale. PIN ninayo tangu nilipokuwa chuoni. Vilevile nina mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ambao nilidhani nitauanza nikipata kazi. Kuna nafasi zimetangazwa na kaunti, na wanataka cheti cha kutodaiwa cha KRA na cha HELB. Nianze wapi?

Halima, saa 3:26 usiku
Khamis, umeuliza kwa wakati mwafaka. HELB hutarajia uanze kurejesha mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayenyamaza hutozwa shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Kwa mwaka ni 60,000, wakati riba ya mkopo wenyewe ni asilimia 4 tu kwa mwaka. Kukosa ajira si kosa. Kinachogharimu ni ukimya. Waandikie wiki hii, waeleze hali yako, uombe utaratibu wa kulipa kiasi unachokimudu, na uihifadhi barua pamoja na majibu yake. Usisubiri mpaka upate kazi, kwa kuwa umeona mwenyewe kwamba kazi inauliza cheti kwanza.

Kwa upande wa KRA, ingia iTax utazame ni miaka ipi ambayo hukuwasilisha. Tafadhali usijaze sufuri kwa mwaka ambao ulilipwa vibarua, hata kama vilikuwa vidogo; tutaandika kilichopatikana, na huenda kisikuletee ushuru wowote. Cheti cha kutodaiwa hudumu mwaka mmoja, hivyo ukikipata ukiandike kwenye kalenda siku hiyo hiyo.

Mwanaidi, saa 3:33 usiku
Assalaam alaikum kutoka Muscat. Mimi huku silipwi chochote kutoka Kenya na sina nyumba ya kupangisha. Bado nahusika?

Halima, saa 3:36 usiku
Waalaikum salaam dada. PIN yako ikiwa bado imesajiliwa kwa ushuru wa mapato, mfumo hautambui kwamba umesafiri. Nao unasubiri taarifa yako kama ya mtu mwingine yeyote. Ingia uone usajili wako ulivyo, nasi tutajua la kufanya kabla ya tarehe 20.

Idris, saa 3:41 usiku
Naomba kuongeza la SHA, mamlaka ya bima ya afya. Mama yangu si mwajiriwa, na watu wa namna hiyo hulipia mwaka mzima kwa pamoja, asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na isiyopungua 300 kwa mwezi. Zahanati na vituo vya afya vinamtibu bila hilo, lakini siku ya kulazwa katika hospitali kubwa ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kugundua kwamba mwaka ulikwisha. Nimeandika tarehe ya kulipia tena, na nimeiandika kwenye simu yangu na ya dada yangu pia.

Shangazi Rukia, saa 3:50 usiku
Idris, ulivyofanya ndivyo napenda tufanye sote. Tangu naanza kufundisha mpaka nilipostaafu, niliona kwamba mwanafunzi aliyeambiwa "kumbuka" husahau, na aliyeambiwa "Juma atakuuliza Jumatatu" hukumbuka. Basi kila tarehe ya fedha katika ukoo huu iwe na mtu wa pili anayeijua na mwenye ruhusa ya kuuliza, bila mwenyewe kuona kwamba anaingiliwa. Halima atamuuliza kaka Salim kila tarehe 15 ya mwezi. Idris atamuuliza Khamis kuhusu barua ya HELB Ijumaa hii. Mwanaidi, kwa kuwa uko mbali, utaniuliza mimi kuhusu mirathi na kodi ya kiwanja, na usikubali jibu la "bado" bila kuambiwa tarehe.

Jambo la pili ni karatasi moja kwa kila mtu mzima: benki zake, hisa, bima, chama chake cha akiba, wanaomdai na anaowadai yeye. Isiwe na nywila wala kiasi. Amkabidhi mwenza wake au mtoto anayemwamini, na aibadilishe kila mwaka baada ya Idi. Laiti tungekuwa na karatasi ya namna hiyo ya marehemu Athman, Bi Zainabu asingekuwa anauliza benki moja baada ya nyingine.

Ami Salim, saa 3:56 usiku
Naafiki. Ya kwangu nitampa mke wangu kesho asubuhi. Na kwa Kadhi tuende Alhamisi, mimi nitakuja na cheti cha kifo.

Shangazi Rukia, saa 3:58 usiku
Alhamisi saa 3 asubuhi. Bi Zainabu nimeshamjulisha, na warithi wote waje na vitambulisho vyao halisi pamoja na nakala.

Halima, saa 4:02 usiku
InshaAllah. Idris, P9 yako bado sijaiona; iombe kesho kwa mhasibu wa shule, na akikosa kukupa mpaka Ijumaa, nijulishe hapa hapa.