Naomba ushauri: shamba la mama limepitiwa na mkuza wa umeme, fidia haijalipwa

Habari wakuu. Shamba la mama huku Mkuranga limepitiwa na mkuza wa umeme mkubwa, yaani ukanda wa ardhi wa kupitishia nyaya za umeme. Mthamini alikuja Februari mwaka jana, akahesabu mikorosho 31, akampiga mama picha ameshika kibao chenye namba, kisha mama akasaini fomu. Nakala hatukupewa. Tuliambiwa tusiendeleze chochote, basi hata palizi imesimama, na hadi leo hatujaona shilingi.

Nijuavyo, fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6 inapaswa kulipwa na riba, na uthamini ukipita miaka 2 unarudiwa. Sasa tuanzie wapi: kwa mtendaji wa kijiji, ofisi ya ardhi wilayani, au tutafute mthamini binafsi aliyesajiliwa? Ile fomu tunaidaije? Mikorosho hiyo ndiyo iliyotusomesha.