PMK kwenye Jobo, mbona rangi imetapakaa kote?

filamu45: Wakuu habarini, nasafisha filamu za shiti za inchi 4x5 kwa PMK (dawa ya kusafishia filamu yenye pairogaloli) ndani ya Jobo, ile mashine ya kuzungusha dramu ya filamu, sasa ile rangi ya njano-kijani inayoachwa na dawa imejaa hadi pembeni pasipopigwa mwanga, na dawa inageuka kahawia muda haujaisha. Shida nini?

chumba_cheusi: Hewa hiyo mkuu. Dramu ikizunguka dawa inakutana na oksijeni muda wote na pairogaloli inachoka haraka mno, PMK ni dawa ya trei bwana. Punguza spidi, ongeza ujazo, halafu igawe mara mbili, nusu ya muda ikifika mwaga weka nyingine uliyochanganya papo hapo.

shiti_tu: Mi ningehamia Pyrocat-HD, hiyo ni dawa ya pairokatekini badala ya pairogaloli, inavumilia mzunguko. Loweka filamu kwenye maji dakika 5 kwanza. Na glavu jamani!! Hizi dawa ni sumu, zinapenya ngozi, wengine wanatia mikono mitupu utadhani wanaosha vyombo.

filamu45: Na Rollo Pyro, ile dawa nyingine ya pairogaloli, je?

chumba_cheusi: Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Jobo kabisa, ila nayo ichanganye dakika za mwisho kabla ya kuitumia